Reli Iliyoishia Horebu

Jumanne, 22 Julai

Shule imefunguliwa leo. Naandika humu kwa Kiswahili kwa sababu mdogo wangu Gaël hawezi kukisoma. Akiitwa kula anakielewa, akigombezwa anakielewa, lakini kikiwa kwenye karatasi anakitazama kama ng'ombe aliyesimamishwa kwenye robot, zile taa za barabarani. Yeye amezaliwa hapa Malvern, anaongea Kiingereza na Kizulu. Mimi nilisoma kwa Kifaransa Lubumbashi mpaka darasa la nne, ndipo tukahamia Johannesburg nikaanza upya kwa Kiingereza. Nina lugha mbili za shule na hakuna hata moja inayonifanya ninyooshe mkono darasani. Kiswahili hakijawahi kunipa alama mbaya.

Ma'am Mabaso, mwalimu wetu wa jiografia, ametoa kazi ya muhula: kila wawili watafute kitu kilichokuwepo ardhini kikatoweka, wakifuate kwa miguu na kukichora kwenye ramani. Kabla sijajua kama nina mwenzangu, Nusaiba alishasimama. "Reli ya zamani ya makaa ya mawe, Ma'am. Mimi na Arlène." Nusaiba kwao ni Tanga. Yeye hawezi kunyamaza na mimi siwezi kuongea, basi tunafaana. Nilipomuuliza kwa nini reli, alisema kaka yake Nassir hupita upande ule kila Jumamosi kuchukua vipuri, kwa hiyo usafiri tunao.

Ijumaa, 25 Julai

Baridi. Maji ya bomba la uani yameganda.

Jumamosi, 26 Julai

Katika mji huu kila mtu anakuambia habari za dhahabu. Hakuna anayeuliza mashine za dhahabu zilikuwa zinakula nini. Zilikula makaa, na makaa yalichimbwa huku mashariki, ng'ambo ya Boksburg, yakaletwa kwa treni. Baadhi ya reli zile bado zinatumika. Nyingine, zile fupi zilizokuwa zinaingia kwenye machimbo madogo, ziling'olewa na watu wakazisahau. Tunayoitafuta sisi ni moja ya hizo fupi.

Papa, baba yangu, alikuja nasi moja kwa moja kutoka kazini, na sare yake ya ulinzi mwilini. "Wasichana wawili peke yao nyikani? Munaota." Nitasema ukweli kwa sababu hapa hakuna wa kunisikia: nilitembea mbele yake hatua nyingi, mtu asidhani tumekamatwa.

Majani yote yameungua. Kila Julai nyika huungua hapa, na mimi nilikuwa nikiona ubaya tu. Leo nimeona faida yake. Bila majani ardhi haiwezi kuficha kitu. Kutoka barabarani tuliliona tuta, limenyooka kama rula, jeusi juu ya weusi. Ma'am alitufundisha siri yake: treni ya makaa haiwezi kupanda mlima, kwa hiyo ardhi ikishuka tuta hupanda, ardhi ikipanda reli hupasua katikati. Ukitembea na miguu ikawa haichoki, uko juu ya reli.

Papa naye alikuwa anatafuta mgodi. Kila shimo lilikuwa mgodi.

"Arlène, njo hili shimo lenyewe."

"Hilo ni la mbweha, Papa."

"Mbweha wa wapi anachimba hivi? Huyu alikuwa ameajiriwa."

Nusaiba alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilijizuia, halafu nikashindwa.

Jumapili, 3 Agosti

Kanisa letu liko juu ya duka la matairi, Jules Street. Leo Maman ametoa tena ushuhuda wa magoti. Mwaka juzi hakuweza kusimama siku nzima saluni akisuka, na msusi asiyeweza kusimama ni nini? Kisha kina mama wa kanisa wakampeleka kuomba Horebu. Horebu ndilo jina walilokipa kilima fulani huko nje ya mji wanakokwenda Jumamosi moja kila mwezi. Walivua viatu, wakapiga magoti, na ardhi, anasema Maman, ilikuwa ya joto katikati ya baridi, kama mgongo wa mtoto. Akarudi anatembea. "Kile kichaka cha Musa kiliwaka bila kuteketea," alisema leo, "na mulima wetu nao ni vile vile. Unaota moto na hauoni moto." Watu wakasema amina.

Mimi sijawahi kufika. Jumamosi hizo hubaki na Gaël.

Halafu Papa Emery, mchungaji wetu, akaniita nisome zaburi. Nilisoma. Gaël anasema hata maikrofoni haikujua kama nimeanza.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijui niandike vipi siku ya leo. Nianze na uzuri wake.

Papa alikuwa kazini, Nassir akatupeleka. Tulifika alfajiri imekwisha lakini jua halijapata nguvu, na nyika yote ilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Tuliliacha tuta la kwanza, tukapotea, tukarudi, na mimi ndiye niliyeipata njia. Mimi. Nilisimama nikaona vipande vya mataruma, yale magogo yanayobeba reli, vimeoza na kuwa kama mkate wa ngano, na kati yake kokoto ambazo si za mahali pale. Nikasema, "Hapa," kwa sauti ambayo hata Nassir aliyebaki kwenye gari aliisikia. Mbele yake kulikuwa na kijito, na pande zote mbili mawe yaliyochongwa na kupangwa. Daraja halipo lakini miguu yake ipo. Kuna mtu aliyachonga mawe yale kwa mkono, akayapanga yakae sawa, na mpaka leo yamekaa sawa. Nilipitisha kidole kwenye kiungo, hata kucha haikuingia. Nilihisi fahari kana kwamba ni kazi ya babu yangu.

Ng'ambo ya kijito reli inapasua mwinuko. Tulipita katikati, kuta za udongo huku na huku, na tulipotokea upande wa pili nikakiona kilima.

Kila kitu kilikuwa cheupe isipokuwa chenyewe. Kilikuwa cheusi na kikavu, kama mtu amekipangusa. Na tuta letu lilikuwa linakwenda kwake moja kwa moja, likipanda polepole ubavuni, likaishia juu, hewani.

Ninakijua kilima kile. Kiko kwenye simu ya Maman, na kina mama wa kanisa wamesimama juu yake na vitambaa vyeupe. Wao hufika kutoka barabara ya lami, upande wa pili. Hawajawahi kuiona reli.

"Mbona umenyamaza?" Nusaiba aliniuliza.

"Mimi hunyamaza kila siku."

"We, mimi nakijua kimya chako. Hiki si chako."

Tulikisogelea mpaka chini. Kulikuwa na harufu kama ya kiberiti kilichozimwa. Niliweka kiganja kwenye udongo. Ulikuwa wa joto, kama mgongo wa mtoto.

Jumanne, 12 Agosti

Nilingoja darasa litoke. Nilimuuliza Ma'am Mabaso, kama mtu anayeuliza tu, kwa nini kilima mwisho wa reli hakishiki umande.

Aliweka kalamu chini. Alisema huenda si kilima. Mgodi wa makaa ulikuwa ukitoa mawe yenye makaa mabaya, yasiyouzika, na mabehewa yakayamwaga mahali pamoja mwaka baada ya mwaka mpaka lundo likawa mlima. Makaa mabaya nayo ni makaa. Hewa ikiingia hushika moto ndani, polepole, na huweza kuwaka miaka na miaka bila mtu kuona ulimi wa moto. Ndani panakuwa majivu na mapango, juu panabaki ganda.

"Ganda linabeba mtu?" niliuliza.

"Linabeba mpaka siku lisipobeba. Hasa mvua ikishaingia. Hamjapanda, sivyo?"

Nikasema hatujapanda. Hilo lilikuwa kweli kwangu na kwa Nusaiba.

Alhamisi, 14 Agosti

Sikusema.

Jumamosi, 16 Agosti

Upepo wa Agosti, vumbi la njano mpaka ndani ya sukari. Maman alikuwa anasuka mteja kwetu sebuleni, amesimama, anaimba. Sikusema.

Jumapili, 17 Agosti

Papa Emery ametangaza kambi ya shukrani: mwisho wa Septemba, siku tatu Horebu, makanisa matatu pamoja, watoto waje pia. Mahema yatapigwa juu kabisa, palipo na joto.

Jumatano, 20 Agosti

Nilianza. "Maman, kile kilima." Gaël akaingia anatafuta chaja.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimemwambia Papa. Alikuwa anapiga viatu vyake rangi kabla ya zamu. Alisikiliza mpaka mwisho, kiatu kimoja mkononi.

"Kwa hiyo mama yako alipona juu ya takataka."

"Papa, usimwambie hivyo."

"Miye? Miye niko zamu leo, kesho na kesho kutwa." Akapuliza kiatu. "Lakini weye uko na uhakika?"

"Reli inaishia pale. Treni haipeleki mzigo kwenye mlima wa Mungu, Papa. Inapeleka pa kumwaga."

Aliweka kiatu chini. Akasema kwamba usiku kucha getini kazi yake ni moja: kumsimamisha mtu mwenye gari kubwa kuliko mshahara wake na kumwambia hapiti. Mwanzoni alikuwa anatetemeka. "Mpaka leo natetemeka," alisema, "lakini geti halijui."

Kisha akavaa sare, na nikamsindikiza mpaka Jules Street, ubavuni kwake.

Jumapili, 31 Agosti

Nimemwambia Maman. Nitaandika yote.

Tulikuwa jikoni, anachekecha unga wa bukari, ugali wetu. Nilikuwa nimejiandaa kwa Kifaransa, kwa sababu Maman huheshimu Kifaransa, lakini kilichotoka kilikuwa Kiswahili, tena chote kwa mpigo: reli, mabehewa, lundo, ganda, mvua, mahema. Sikumwangalia. Nilikuwa naongea na chekeche.

Mikono yake ilisimama.

"Nani mwingine umeisha kumwambia?"

"Papa."

"Na yeye amekimbilia kazini." Akaendelea kuchekecha, taratibu sana. "Unataka nikasimame mbele ya bantu wa kanisa niseme magoti yangu ilikuwa uongo?"

"Hapana, Maman."

"Maana yalipona. Nilipanda kwa fimbo, nikashuka bila fimbo. Ile siyo jiografia."

"Najua."

"Hujui." Unga ukawa unaanguka kama umande. "Weye unajua reli."

Nililia, na nilimkasirikia, na nilijikasirikia kwa sababu alikuwa amesema kweli. Mwezi mzima nimekuwa nikidhani Maman ni mtu wa kudanganyika, na mimi ndiye mwenye macho. Leo nimeona kwamba alikuwa anaogopa kitu kimoja tu: kwamba nikishinda mimi, maumivu yatarudi.

Alipomaliza kusonga aliniwekea tonge kubwa kuliko la Gaël. Akasema, bila kunitazama, "Hewa inaingiaje ndani ya mulima?"

Nikamweleza. Aliuliza maswali matano au sita. Ma'am Mabaso hakuniuliza maswali mazuri kuliko yale.

"Basi," alisema mwishoni. "Mungu kama alisema na Musa kwa kichaka, kunipasha miye joto kwa makaa ni neno gani kwake? Lakini yeye mwenyewe alimwambia Musa asisogee karibu." Akafunika sufuria. "Utamwambia mchungaji. Siyo miye. Mwenye reli ni weye."

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya ibada Maman, ambaye kanisani huitwa Denise, alinisukuma kwa mgongo wa mkono mpaka mbele ya Papa Emery. Niliongea. Maman Célestine, kiongozi wa waimbaji, alikuwa karibu akikunja vitambaa, akasikia.

"Eish. Mutoto wa Denise anasema tunaombea jalalani?"

"Sijasema hivyo, Maman Célestine."

"Umesema kwa adabu. Lakini umesema."

Papa Emery hakukasirika, na hilo liliniogopesha zaidi. Alisema amepanda mlima ule miaka sita, hakuna aliyeungua hata unyayo. Alisema pia kwamba baba wa familia hapuuzi mtu anayemwambia nyumba yake inanuka moshi. Akafikiri. "Sitaki mabishano kanisani. Tarehe 24 ni sikukuu, hakuna kazi. Utatupitisha njia hiyo yako tangu mwanzo. Utatuonyesha. Tukifika chini ya mlima, tutajua."

"Mimi nitawapitisha?"

"Nani mwingine anaijua?"

Jumatatu, 8 Septemba

Nusaiba amejitolea kuongea badala yangu. "Shoga, mimi nitawaeleza mpaka waombe maji." Kishawishi kikubwa. Nilikataa, kisha nikajuta mpaka kengele ya mwisho.

Jumamosi, 13 Septemba

Tumepita njia yote tena, mimi na Nusaiba. Majani mapya yameanza kutoka, mafupi, kijani kikali. Tuta limeanza kufifia. Tumefunga vitambaa vyekundu kwenye vijiti. Nusaiba alijifanya mchungaji, akaniuliza maswali ya kijinga. Nilijibu yote, hata la kama Musa alikata tiketi.

Alhamisi, 18 Septemba

Mawingu. Hayakunyesha.

Jumatatu, 22 Septemba

Joto, mawingu, radi ya mbali. Ma'am Mabaso anasema atakuja, na kwamba ameandikia manispaa kuhusu lundo. Hawajajibu.

Jumatano, 24 Septemba

Naandika viatu vikiwa bado na tope.

Walikuja kama arobaini, mabasi madogo mawili na gari la Nassir. Kina mama walikuwa wamevaa vitambaa vyeupe kabisa, kana kwamba uamuzi umeshatolewa. Papa alikuwa zamu, na Ma'am Mabaso alituma ujumbe kwamba gari lake limegoma. Mbingu ilikuwa ya rangi ya sufuria.

Nilisimama kwenye kijiti cha kwanza na sauti haikuja. Niliwaona wote wananingoja. Basi nikaanza kutembea tu, nao wakafuata, na miguu ikasema kabla yangu. Baada ya kipande Papa Emery akauliza, "Mbona hatupandi wala hatushuki?" Nikageuka nikamjibu. Nikaeleza treni isiyopenda mlima. Nikaeleza mataruma. Kijitoni niliwafanya waweke kucha kwenye kiungo cha mawe, mmoja mmoja, na baba mmoja wa kanisa aliyekuwa fundi mwashi kule kwetu Likasi akasema hapo aliyejenga hakuwa na haraka. Niliwaambia watu walitoka mbali kuja kufanya kazi hii, kama sisi, na majina yao hayakuandikwa popote tulipotafuta, lakini mawe hayajasogea. Nilisikia mtu anasema amina. Kwa daraja. Kwa maneno yangu.

Tulipotokea kwenye mwinuko mvua ikaanza, ya kwanza ya msimu, matone mazito. Na kilima kikaanza kutoa moshi.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mvua ilipogusa ganda mvuke ulipanda kutoka kila ufa, mweupe, ukakusanyika kileleni kama wingu. Hata mimi niliyejua nywele zilinisimama. Kina mama walisimama. Kisha Maman Célestine akaanza wimbo, viatu mkononi, akatembea kuelekea ubavu wa kilima, na wengine wakamfuata, nyuso zimeinuliwa kwenye mvua. Papa Emery alikuwa amevua kofia.

Nilikimbia. Nilimpita Maman Célestine, nikageuka, nikanyoosha mikono yote miwili mbele ya mtu mwenye umri wa bibi yangu.

"Maman Célestine, rudi."

Wimbo ulikatika. Kwetu mtoto hamwambii mama rudi. Nilijua hilo wakati neno likiwa bado mdomoni, na nililiacha litoke.

"Ule mvuke ni maji yanaingia kwenye moto," nilisema. "Mahali maji yanapoingia ndipo ganda linapofumuka. Reli hii tumetembea nayo asubuhi nzima. Je, imewadanganya popote? Inaishia pale juu kwa sababu pale ndipo walipokuwa wanamwaga. Mimi siwakatazi kuomba. Nawakataza kupanda."

Maman Célestine alinitazama, mvua inamtiririka usoni. "Unanikataza?"

"Ndiyo, Maman. Nakukataza."

Kisha nikasikia hatua nyuma yao. Maman wangu alikuwa anapita katikati ya watu, kitambaa kimelowa, na nilidhani anakuja kunishika mkono aniondoe. Alisimama ubavuni mwangu, akawageukia.

"Mulisikia magoti yangu mwaka mzima," alisema. "Sasa musikie mutoto wangu."

Na pale pale, kwenye tope la tuta, juu ya kokoto za reli, akapiga magoti. Bila fimbo, bila joto, kwenye mvua baridi. Papa Emery akapiga magoti ubavuni kwake. Maman Célestine alikuwa wa mwisho. Alivaa viatu vyake kwanza, kimoja, cha pili, akanipita bila neno, akaenda kupiga magoti safu ya nyuma.

Waliomba mpaka mvua ikapungua. Sijui kuomba kwa sauti, kwa hiyo nilisimama kati yao na kilima, nikakiangalia kinavyotoa moshi.

Ijumaa, 26 Septemba

Maman anasema magoti yanauma kidogo. Anasema ni tope. Namkanda na mafuta.

Jumapili, 28 Septemba

Kambi imefanyika, siku tatu, chini, kwenye uwanja tambarare ambako tuta linaanza kupanda. Wengine waliosafiri kutoka mbali walinuna kwa sababu hapakuwa na joto. Manispaa bado haijajibu, kwa hiyo vijana wa kanisa wamekizungushia kilima kamba.

Leo asubuhi, kabla ya ibada ya kufunga, Maman Célestine alinijia na kikombe cha chai. Hakuomba radhi, na sikutaka aombe. Alisema basi la pili limewasili na wageni kutoka Soweto, wameshaanza kuuliza kwa nini hatupandi.

"Nenda kawaambie," alisema. "Miye nimejaribu, nimechanganya mabehewa na mataruma."

Nikaenda. Walikuwa wengi, sikuwajua hata mmoja. Nikasema, "Habari za asubuhi. Naitwa Arlène. Mmesimama juu ya reli."